Mzee anapoanza kusahau: namna ya kusimamia upande wa damu katika ugonjwa wa dimenshia

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayemtunza mzee aliyeanza kupoteza kumbukumbu, na unashughulikia upande mmoja tu wa ugonjwa wake, yaani damu: jinsi inavyoganda, jinsi inavyoshindwa kuganda, na mambo ambayo ndugu wa karibu wanaweza kuyafanya. Nimechagua upande huu kwa sababu ndio wenye mengi ya kufanyika. Seli za ubongo zilizokwisha kufa hazirudishwi na dawa yoyote, lakini presha hushushwa, mapigo ya moyo hukaguliwa, na dawa ya kuzuia damu isigande husimamiwa vizuri au vibaya, na tofauti hiyo huamuliwa nyumbani zaidi kuliko hospitalini.

Elewa kwanza damu inaingiaje katika ugonjwa huu

Mshipa unapojeruhiwa, wa kwanza kufika ni chembe sahani, ambazo maabara nyingi huziita pleteleti. Ni vipande vidogo vya seli vinavyotengenezwa kwenye uboho, huishi siku 7 hadi 10 hivi, na kwa mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita ya damu. Hujibandika kwenye kidonda na kushikana zenyewe kwa zenyewe. Baada ya hapo hufuata protini za kugandisha damu, ambazo nyingi hutoka kwenye ini. Moja huiamsha nyingine mpaka ipatikane thrombini, na thrombini huigeuza fibrinojeni iliyoyeyuka kuwa nyuzi za fibrini zinazozibana chembe sahani kama wavu unavyobana dagaa.

Ubongo huathiriwa na mfumo huo kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuziba. Bonge la damu likiziba mshipa mkubwa, mgonjwa hupata kiharusi ambacho kila mtu hukiona. Likiziba mishipa midogo iliyo ndani kabisa ya ubongo, huenda asihisi chochote siku hiyo, ila akili hupungua kidogo kila tukio linapojirudia. Hiyo ndiyo dimenshia ya mishipa ya damu, ya pili kwa wingi baada ya ugonjwa wa Alzheimer, na wazee wengi huwa na yote mawili kwa pamoja.

Njia ya pili inauhusu ugonjwa wa Alzheimer wenyewe. Ndani ya chembe sahani mna protini ileile mama ambayo, ikikatwa, hutoa amiloidi, ule uchafu unaorundikana kwenye ubongo wa mgonjwa. Na sehemu kubwa ya amiloidi iliyomo kwenye damu hutokana na chembe hizo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, wameonyesha kwamba amiloidi hujifunga kwenye fibrinojeni na kulifanya bonge la damu liwe gumu kuyeyuka, na kwamba inaweza pia kuiamsha protini ya kugandisha damu namba XII bila jeraha lolote kuwepo. Taasisi ya Gladstone, San Francisco, nayo imefuatilia kinachotokea fibrinojeni inapovuja kutoka kwenye mishipa na kuingia kwenye nyama ya ubongo: huzichokoza seli za kinga, nazo hugeuka na kuziharibu seli za neva zilizo jirani.

Njia ya tatu ni kinyume cha hizo mbili, nayo husahaulika mara nyingi. Amiloidi hujipachika pia kwenye kuta za mishipa ya ubongo na kuzifanya zivunjike upesi. Kwa hiyo mgonjwa mmoja anaweza kuwa na damu inayoganda mahali isipotakiwa na mishipa inayovuja mahali pengine, na dawa inayotibu tatizo la kwanza ikalichochea la pili. Maelekezo yote yanayofuata yanatokana na jambo hilo.

Hakikisha kwamba ni dimenshia kweli

Usikubali jina la ugonjwa kabla ya vipimo. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, hana dimenshia mpya; huenda ana malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, sukari iliyoshuka, upungufu wa maji au dawa iliyomdhuru, na anapaswa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Dimenshia kwa kawaida huja polepole, kwa miezi na miaka. Hata inapokuja polepole, omba apimwe wingi wa damu pamoja na idadi ya chembe sahani, sukari, figo, tezi ya shingo, vitamini B12, VVU na kaswende, kwa kuwa baadhi ya mambo hayo hutibika na kumbukumbu ikarejea kwa kiasi fulani.

Kipimo cha kumbukumbu chenyewe hakihitaji mzee awe amesoma. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ambako utafiti wa nyumba kwa nyumba ulikadiria kuwa asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na kuendelea wana dimenshia, kilitumika kipimo kifupi kiitwacho IDEA. Mzee huulizwa leo ni siku gani, hutakiwa aeleze daraja ni kitu gani, hutaja wanyama wengi kadiri awezavyo, hukumbuka maneno aliyosomewa dakika chache zilizopita, na hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata umbo aliloonyeshwa. Mwache ajibu mwenyewe. Binti anayemnong'onezea mama yake jibu akiwa na nia njema humnyima matibabu.

Pima presha na ukague mapigo ya moyo

Kama ningeruhusiwa kuiagiza familia jambo moja tu, ningeiagiza hili. Huko huko Hai, wazee wapatao saba kati ya kumi wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikutwa na presha ya juu, na wengi wao hawakuwa wakijua. Presha ya juu huikwangua mishipa midogo ya ubongo kwa ndani, na palipokwanguka ndipo chembe sahani hujishikiza. Nchini Marekani, utafiti uliohusisha watu zaidi ya 9,000 na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba walioshushwa namba ya juu ya presha (ile inayotajwa kwanza) mpaka chini ya 120 walipata upungufu mdogo wa akili kwa nadra zaidi kuliko walioachwa chini ya 140, ingawa kuhusu dimenshia kamili matokeo hayakutosha kutoa uamuzi. Wewe usijiwekee lengo la namba. Mwulize daktari analenga ngapi kwa mzee huyu, maana presha iliyoshushwa mno humwangusha mzee anaposimama.

Ukipimia nyumbani, mzee aende haja ndogo kwanza, kisha aketi dakika tano akiwa ameegemea, miguu yote miwili ikiwa sakafuni na mkono umelala mezani usawa wa moyo. Asiwe amekunywa chai au kahawa wala kuvuta tumbaku katika nusu saa iliyopita, na asizungumze wakati mashine inajaa. Pima mara mbili kwa kuacha dakika moja katikati, uandike zote mbili pamoja na saa. Kisha msimamishe na umpime tena baada ya dakika moja. Namba ya juu ikiporomoka kwa 20 au zaidi, mwonyeshe daktari kabla dawa haijaongezwa.

Mapigo hukaguliwa kwa vidole. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono wa mzee upande wa kidole gumba, bonyeza taratibu mpaka uhisi mdundo, na kwa mkono wako mwingine gonga paja lako kila mdundo unapokuja. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Akiwa ametulia, 60 hadi 100 kwa dakika ni kawaida. Lakini namba si jambo kubwa kuliko mpangilio. Mdundo mmoja ukiruka mara mojamoja, hilo ni jambo la kawaida kwa wazee. Ukiona huwezi kabisa kutabiri mdundo unaofuata, mara inakuja miwili ya haraka, mara kimya, mara mmoja dhaifu, huenda ni mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo, na mzee anahitaji kupimwa umeme wa moyo, yaani ECG, ambayo ni kipimo cha dakika chache kisicho na maumivu.

Sababu ya kulisisitiza hili ni kwamba moyo unaopapatika haumwagi damu yote. Nyingine hutuama kwenye kona ya chumba cha juu cha kushoto, huganda, na bonge likichomoka hupanda moja kwa moja kwenye ubongo. Hatari ya kiharusi huongezeka karibu mara tano, na hatari ya dimenshia nayo huongezeka, hata kwa ambaye hajawahi kupata kiharusi kinachoonekana.

Usianzishe aspirini kwa uamuzi wako

Ushauri huu huwaudhi wengi, kwa kuwa aspirini ndogo huuzwa kila duka la dawa na karibu kila ukoo una mtu anayeimeza «kwa ajili ya damu nzito». Aspirini huzilemaza chembe sahani kwa muda wote wa uhai wao, na hilo lina faida iliyothibitika kwa mtu aliyekwisha kupata kiharusi cha kuziba au shambulio la moyo. Kwa mzee ambaye hajapata, hali ni nyingine. Utafiti ulioitwa ASPREE uliwafuatilia wazee 19,114 wa Australia na Marekani, nusu wakimeza miligramu 100 za aspirini kila siku na nusu wakimeza kidonge kisicho na dawa. Aspirini haikupunguza dimenshia, na waliovuja damu vibaya walikuwa asilimia 3.8 dhidi ya 2.8. Uingereza nako, mwaka 2008, yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 310 ambao tayari walikuwa na Alzheimer: aspirini haikuwasaidia akili, bali iliwaongezea damu kuvuja.

Kwa hiyo mzee asiye na historia ya kiharusi au ugonjwa wa moyo asipewe aspirini kwa sababu tu ameanza kusahau. Aliye nayo kwa agizo la daktari asiiache ghafla bila kuuliza, na daktari wa meno au wa upasuaji aambiwe kabla, kwa kuwa nguvu yake hubaki mwilini wiki nzima au zaidi baada ya kidonge cha mwisho.

Dawa za kuzuia damu isigande: jiko, kabati na daftari

Mzee akigundulika na mpapatiko wa moyo, huenda akaandikiwa dawa isiyogusa chembe sahani bali protini za kugandisha damu. Warfarini huzipunguza protini namba II, VII, IX na X, ambazo ini haliwezi kuzikamilisha bila vitamini K. Dawa mpya zaidi, rivaroxaban na apixaban kama zinavyoandikwa kwenye boksi, hulizuia moja kwa moja namba X. Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za kundi hilo jipya kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019.

Je, zinaikinga akili? Nchini Sweden, rekodi za wagonjwa zaidi ya 440,000 wenye mpapatiko zilionyesha kwamba waliokuwa wakimeza dawa hizi walipata dimenshia pungufu kwa asilimia 29. Idadi hiyo inavutia, lakini wanaoandikiwa dawa mara nyingi ndio wenye nafuu zaidi tangu mwanzo. Jaribio la Kanada lililogawa wagonjwa zaidi ya 1,200 kwa kura, wengi wakiwa bado hawajazeeka na hatari yao ya kiharusi ikiwa ndogo, lilisimamishwa mapema kwa kuwa rivaroxaban haikuonyesha faida yoyote kwa akili. Maoni yangu ni haya: mzee mwenye mpapatiko anywe dawa kwa ajili ya kuzuia kiharusi, sababu ambayo haina shaka, na akili ikinufaika ihesabiwe kuwa nyongeza.

Uchaguzi wa dawa unategemea moyo wake. Huku kwetu bado wapo wengi ambao vali za moyo ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, na kwao warfarini ndiyo iliyothibitika: jaribio la mwaka 2022 lililohusisha zaidi ya wagonjwa 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini liliwapa waliomeza warfarini matokeo bora kuliko waliomeza rivaroxaban. Mwenye vali ya chuma pia hutumia warfarini tu. Kwa hiyo omba moyo upigwe picha ya ultrasaundi kabla ya kununua dawa ya bei kubwa kwa sababu jirani anaitumia.

Warfarini inataka nidhamu. Kipimo chake ni INR, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha inachelewa kiasi gani kuganda, na kwa mpapatiko wa moyo lengo huwa kati ya 2 na 3. Chini ya hapo damu inaweza kuganda, na ikipanda mno inaweza kuvuja. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kumkataza mzee mboga za majani. Mchicha, sukuma wiki, matembele na kisamvu vina vitamini K nyingi, na mtu asipovila kabisa INR yake hupanda. Akila sinia zima siku ya ugeni hushuka. Anachotakiwa ni kula kiasi kilekile wiki hadi wiki. Kama kwenu mboga huliwa kila siku, endeleeni, na kipimo cha dawa kitapangwa kufuatana na chakula hicho.

Dawa nyingine zina madhara makubwa kuliko mboga. Septrin, Flagyl na flukonazoli hupandisha nguvu ya warfarini ndani ya siku chache. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha sana. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wazee huzitafuta kwa ajili ya magoti, huongeza kuvuja damu tumboni, iwe anatumia warfarini au hizi mpya. Kwa maumivu parasetamoli ni salama zaidi, ila ikitumika kila siku kwa wiki nzima kliniki ijulishwe. Mizizi, unga wa dawa za asili na vidonge vya kitunguu saumu vitajwe vyote mbele ya daktari bila aibu. Anayeficha ndiye anayeumia.

Ugumu mwingine unatokana na ugonjwa wenyewe. Mtu anayesahau kwamba amekula atasahau pia kwamba amemeza kidonge, na atameza cha pili. Achaguliwe mtu mmoja, hata kama ni mjukuu aliye shule ya sekondari, ambaye ndiye pekee anayeitoa dawa kabatini, anamwona mzee akimeza, na anaweka alama kwenye daftari papo hapo. Kidonge cha warfarini kikisahaulika na kukumbukwa siku ileile, kimezwe. Kikikumbukwa kesho yake kiachwe, na kamwe visimezwe viwili kwa pamoja. Rivaroxaban ya mpapatiko imezwe pamoja na chakula, maana tumbo tupu huipunguzia nguvu. Dawa hizi mpya hazihitaji INR, lakini figo zipimwe angalau mara moja kwa mwaka.

Dalili za kukimbilia hospitali

Kinyesi cheusi kama lami, mkojo wa rangi ya waridi au nyekundu, damu ya pua isiyokoma baada ya dakika kumi za kubana, na madoa ya bluu yanayotokea ngozini bila kugongwa ni dalili kwamba damu imekuwa nyepesi kupita kiasi.

Ya kuogopwa zaidi ni anguko. Mzee anayetumia dawa hizi akigonga kichwa, apelekwe apigwe picha ya kichwa ya CT scan hata kama anacheka na kusema hajambo. Damu huweza kuvuja taratibu chini ya utando wa ubongo, na ndani ya wiki kadhaa akaanza kusinzia mchana, kuyumba, kulalamika kichwa na kusahau kuliko zamani, akiwa afadhali leo na vibaya kesho. Nyumbani watasema dimenshia imekolea. Kumbe ni damu inayoubana ubongo, na daktari wa upasuaji anaweza kuitoa. Hivyo mabadiliko yoyote ya ghafla, au ya wiki chache, yasihesabiwe kuwa ni uzee mpaka kichwa kipigwe picha.

Mdomo ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea au maneno yakiwa hayaeleweki, angalia saa na uandike mara ya mwisho alipoonekana mzima. Dawa ya kuyeyusha bonge, mahali inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tu. Usimpe aspirini njiani, kwa sababu bila picha hakuna anayejua kama mshipa umeziba au umepasuka, na usimpe maji wala chakula, kwani huenda hawezi kumeza. Chukua maboksi yake yote ya dawa uende nayo, kwa kuwa anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande hutibiwa tofauti.

Ugonjwa unapofika mbali

Utafika wakati ambapo mzee haamki tena kitandani, anatema vidonge, na kila sindano ya kutoa damu kwa ajili ya INR inamwachia jeraha. Hapo faida ya kuzuia kiharusi cha miaka ijayo hupungua, na hatari ya kuvuja damu huongezeka. Kuacha dawa wakati huo si kumtelekeza mgonjwa, lakini kusifanywe kimyakimya na mtoto mmoja kwa niaba ya wenzake. Ombeni kikao na daktari mkiwa mmekutana ndugu wote wanaohusika, mwulizeni mambo matatu: hatari ya bonge kwa mwaka ni kubwa kiasi gani kwa mzee huyu, hatari ya kuvuja ni kiasi gani, na atawasaidiaje kama mojawapo ikitokea. Uamuzi uandikwe kwenye faili lake, na nakala ibaki kwa yule anayeshika daftari la dawa, ili akipelekwa usiku kwenye hospitali nyingine asianzishiwe upya dawa ambayo familia na daktari walikwisha kukubaliana kuisimamisha.